Ramani ya vyumba vitatu ya kununua tayari: inajengeka Malindi, ila si kama ilivyochorwa

Ramani tunayoichambua hapa ni ya nyumba ya chini isiyo na ghorofa, vyumba vitatu vya kulala, kimoja kikiwa na choo chake ndani. Inauzwa ikiwa tayari kwa yeyote mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Ukilipa unatumiwa faili ya PDF yenye kurasa saba: mpango wa sakafu, mpango wa paa, sura nne za nje kwenye kurasa mbili, mkato mmoja (mchoro wa nyumba kama imekatwa katikati ionekane ndani), jedwali la milango na madirisha, na picha ya rangi ya nyumba ikiwa imekwisha, na bustani ya majani mabichi ambayo Malindi mwezi wa Februari huipati bila kumwagia maji asubuhi na jioni. Michoro ya mhandisi haimo, ya umeme haimo, ya mabomba haimo, wala BQ, yaani hesabu ya vifaa na gharama. Muuzaji hatumtaji, maana ramani za namna hii wanazo wengi na kasoro zake ni zilezile.

Tuanze na uamuzi wetu. Uchoraji ni safi, vipimo vinajumlika bila kupishana, na vyumba vimepangwa kwa akili: sebule, meza ya chakula na jiko viko upande mmoja, vyumba vya kulala upande wa pili, vyoo viwili vimepeana mgongo kwenye ukuta mmoja ili bomba la inchi 4 liwe moja. Kwa bei yake si kitu cha kutupa. Tatizo ni kwamba imechorwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ambako mtu hujenga ili kuuzuia upepo. Pwani mtu hujenga ili upepo upite. Karibu kila tutakalolilalamikia linatoka hapo, na mengi yake yanarekebishika kwa penseli madhali msingi haujachimbwa.

Kwanza namna nyumba ilivyokaa kwenye kiwanja. Ina upana wa futi 41 kwa upande wa barabara na kina cha futi 36. Kwenye kiwanja cha futi 50 zinabaki futi 4 na nusu kila upande. Paa limetokeza futi 1 na nusu tu, yaani sentimita 45, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana imeenea vizuri. Lakini paa la futi 1 na nusu Malindi halitoshi. Mwezi wa Juni jua la saa sita linakuwa kaskazini, kama nyuzi 63 juu ya upeo, na sentimita 45 za paa zinatia kivuli cha sentimita 90 tu za ukuta. Dirisha linabaki juani. Ukitokeza paa sentimita 90, kivuli kinashuka karibu mita 1.8, na dirisha lote limefunikwa. Desemba jua likihamia kusini hali ni nafuu zaidi, kwa sababu linakuwa juu zaidi, karibu nyuzi 70. Sasa ongeza hizo futi 3 za paa kila upande: zinabaki futi 1 na nusu mpaka kwenye ua, na maji ya masika yanamwagikia kwa jirani. Hapo ugomvi umeshaujenga.

Dawa ni kuigeuza nyumba robo mzunguko, futi 36 zikae upande wa barabara na futi 41 ziende ndani ya kiwanja. Zinabaki futi 14 za kugawa. Tungeweka futi 5 upande wa nyuma ya nyumba na futi 9 upande wa mlango mkubwa, baada ya kuuliza kwanza idara ya mipango ya Kaunti ya Kilifi inataka nafasi gani mpakani kwa eneo lako. Mlango ukitazama ubavuni, mpita njia haoni sebuleni. Nyumba za mawe za Lamu zinafanya hivyo kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia: mtu anaingia, anapinda, ndipo anafika kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Ramani hii, kama ilivyochorwa, mlango ukiwa wazi aliyesimama barabarani anaona kochi, meza ya chakula na mlango wa korido kwa mstari mmoja.

Chukua mfano wa kiwanja chenye barabara mashariki. Ukijenga kama ilivyochorwa, vyumba viwili vya nyuma vinapata ukuta wa magharibi. Saa kumi jioni jua liko chini, kati ya nyuzi 30 na 35, na hata paa la sentimita 90 linatia kivuli cha nusu mita na kidogo tu. Mawe ya matumbawe yanakunywa joto hilo mpaka jua lizame na kulitoa usiku, saa ile watoto wanapotaka kulala. Ukiigeuza nyumba uso wake utazame kusini, vyumba vinaangukia mashariki na kaskazini, kuta zake zimeshapoa kabla ya isha, na sebule na jiko vinabeba jua la jioni. Jikoni magharibi ni pazuri pia kwa moshi: upepo wa kusi unatoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili kwa sehemu kubwa zinausukuma moshi upande wa magharibi, mbali na vitanda.

Muuzaji hutoa pia nakala iliyopinduliwa kama kwenye kioo, na watu wengi hudhani hilo linatosha. Kupindua kunabadilisha kushoto na kulia tu. Kilichokuwa mbele kinabaki mbele, na kilichokuwa nyuma kinabaki nyuma. Barabara ikiwa mashariki, vyumba vya nyuma vitabaki magharibi hata ukipindua mara kumi. Nakala hiyo inafaa pale tu ambapo baada ya robo mzunguko jiko limeangukia mashariki. Na kama barabara yako iko magharibi, jiko litakuwa karibu na barabara. Hapo jenga ukuta mfupi wa kusitiri ua wa jikoni, usilihamishe jiko.

Lakini ukigeuza nyumba, vyoo navyo vinageuka. Kutoka Malindi, kibla iko karibu kaskazini kamili. Katika ramani, masinki mawili ya choo yamepeana mgongo, moja linatazama mbele ya nyumba na jingine linatazama nyuma. Nyumba ikitazama mashariki hakuna neno. Ikitazama kusini, choo kimoja kinaelekea kibla na cha pili kinaipa mgongo, yote mawili mwenye nyumba Mwislamu hayataki, na fundi bomba hatauliza. Ataweka tundu la inchi 4 palipochorwa kisha zege litamwagwa juu yake. Yageuze masinki yatazame mashariki au magharibi, kila moja likae kwenye ukuta wa ubavuni. Chumba cha choo kimeandikwa futi 5 kwa 7, lakini upana wake wa ndani, ukitoa unene wa kuta na plasta, ni inchi 50. Sinki na tangi lake dogo vinachukua kama inchi 28, zinabaki 22 za magoti. Panua choo kwa inchi 6 na utafika 28. Inchi hizo sita zichukue kwenye korido, ambayo ina futi 4 na haizihitaji zote.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa ramani hii, na hakuna maelezo yoyote yanayouonya. Vipimo vyake vyote vimepigwa kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili. "Chumba 10 kwa 10" si futi kumi. Ukijenga kwa mawe ya inchi 9, toa inchi 9, toa nusu inchi ya plasta kila upande, unabaki na futi 9 na inchi 2. Kabati la nguo linataka kina cha futi 2. Zinabaki futi 7 na inchi 2. Kitanda cha 5 kwa 6 pamoja na kichwa chake kinafika futi 6 na inchi 4. Kati ya miguu ya kitanda na kabati zimebaki inchi 10, na mlango wa kabati wenye upana wa inchi 18 haufunguki. Picha ya rangi haionyeshi hilo kwa sababu kitanda kilichochorwa humo ni kifupi kuliko kitanda chochote kinachouzwa mjini.

Unaweza kusukuma ukuta wa nje, lakini hapo umeongeza msingi, mawe na paa. Njia bora ni kuutoa kabisa ukuta wa mawe unaotenganisha vyumba viwili vidogo na kuweka makabati mahali pake: nusu ya urefu, futi 4 na inchi 7, inafunguka chumba hiki, nusu inafunguka chumba cha pili. Badala ya kila chumba kupoteza futi 2, vyote viwili kwa pamoja vinapoteza inchi 14. Kila kimoja kinabaki na futi 8 na inchi 7, na mbele ya kabati zinapatikana inchi 27. Migongo ya makabati iwe mbao nzito, si hadibodi, la sivyo mnasikilizana usiku kucha. Mhandisi aangalie kwanza kama mbao za paa zimeegemea ukuta huo. Kama zimeegemea, linta, yaani boriti ya zege ya juu, na nguzo mbili zinatosha kuchukua mzigo, lakini ni yeye wa kusema, si fundi.

Upepo sasa. Jedwali linaonyesha dirisha moja la futi 4 kwa 4 kwa kila chumba kidogo, la alumini la kusukuma. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu: kati ya futi 16 za mraba unapata 8, kisha wavu wa mbu unapunguza tena. Na hata lingekuwa kubwa mara mbili, upepo hauingii chumba usichoweza kutokea. Mlango ukifungwa usiku, chumba ni chupa. Vyumba viwili vya pembeni, kimojawapo kikuu, vina kuta mbili za nje na ramani imetumia moja tu. Weka dirisha la pili kwenye ukuta mwingine, jembamba na refu, futi 2 kwa 5. Chumba cha katikati chenye ukuta mmoja wa nje kinahitaji tundu la kutolea hewa juu ya mlango, kimo cha sentimita 40, lenye luva, yaani vibao vya mlalo vya kupitisha hewa, za mbao zisizofungwa, na korido nayo ipate dirisha mwishoni mwake, maana kama ilivyo ni giza mchana kutwa na hewa inayotoka vyumbani haina pa kwenda.

Kizingiti cha dirisha kimechorwa sentimita 100 kutoka sakafuni. Kitandani mtu analala kwenye sentimita 55 au 60, upepo unampita juu. Shusha kizingiti kifike sentimita 60 na uweke grili. Grili moja katika kila chumba iwe ya kufunguka kwa bawaba, na ufunguo wake uwe karibu na kitanda; moto ukishika koridoni, grili iliyochomelewa ni jela. Madirisha ya mabawa mawili yenye luva za mbambakofi yanagharimu zaidi ya alumini, lakini yanafunguka yote, na yakifungwa bado yanapumua. Alumini nyembamba karibu na bahari hutoboka kwa chumvi, magurudumu yake hukwama mapema, na hapo hata hizo futi 8 unazikosa.

Kimo cha dari ni mita 2.6. Feni inaning'inia sentimita 30 au zaidi, mapanga yake yanakuwa mita 2.3 au chini yake, na mtu mrefu akinyoosha mikono anavaa shati anayagusa. Panda hadi mita 3, mistari miwili hivi ya mawe. Nafasi ya chini ya mabati imefungwa kabisa kwenye mkato. Iachie matundu ya wavu chini ya ukingo wa paa na juu kwenye pembetatu ya ukuta, ili joto litoke badala ya kukaa juu ya jipsamu. Wanaotaka makuti wasahau mteremko uliochorwa. Huo ni wa mabati. Makuti yanataka nyuzi 40 na zaidi, maji yasikae, na paa likiinuka hivyo mbao zote zinahesabiwa upya.

Jiko limechorwa wazi kuelekea sebuleni, na meza ya kiunoni yenye viti virefu. Kwa anayekaanga samaki kila siku hilo si jiko, ni sebule yenye harufu. Funga ukuta, acha tundu la kupitishia sahani la futi 3, na nyuma ya jiko ongeza baraza la futi 6 kwa 10 lililofunikwa, lenye bomba la maji na sehemu ya chini ya kukalia: hapo ndipo jiko la makaa, kinu na mbuzi ya nazi vinapokaa. Mtungi wa gesi wa kilo 13 utoke nje kwenye kizimba chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni.

Sakafu imeinuliwa sentimita 15 tu kutoka ardhini. Tungetaka 45. Hilo lina gharama yake: kwa nyumba ya karibu mita za mraba 137, sentimita 30 za nyongeza zinataka mita za ujazo zipatazo 40 za kujaza, mbali na mistari ya ziada ya mawe ya msingi. Lakini masika maji yakisimama uani, nyumba ya sentimita 15 inayapokea mlangoni, na chumvi ya ardhini inapanda kwenye matumbawe mpaka plasta inabanduka magamba. Kizuia unyevu kwenye ukuta kisikosekane, na nailoni chini ya slabu ikunjwe ipande ukutani, isiishie ukingoni. Slabu ya sentimita 10 inakula mita za ujazo 13.7 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) hesabu mifuko 6 na nusu ya simiti kwa kila mita ya ujazo, yaani karibu 90. Tunaandika hesabu hii kwa sababu, kama tulivyosema, BQ haimo.

Chuma ndicho kinachokufa mapema hapa. Mchanga wa bahari usiooshwa na maji ya kisima yenye chumvi vinaozesha nondo ndani ya zege hata nje pakiwa pazuri. Mwambie mhandisi aandike kwenye mchoro: sentimita 4 za zege juu ya chuma kwenye nguzo na bimu za nje, na maji ya kuchanganyia yawe matamu. Kama una nia ya kupandisha ghorofa baadaye, amua leo. Msingi wa ramani hii ni wa nyumba ya chini, na vyuma vinavyoachwa vimechomoza juu "kwa ajili ya mbele" hewa ya bahari inavila. Vifunikwe kwa zege hafifu la kuvunjika, si kwa mfuko wa plastiki.

Maji taka yamepewa duara moja dogo kwenye kona, na maelezo "soki piti kwa maelekezo ya fundi", yaani shimo la kuyaachia maji taka yanyonywe na ardhi. Hilo halitoshi kwa ardhi ya matumbawe, ambayo ina matundu na haichuji vizuri. Kama unachimba kisima, umbali wa mita 30 kutoka kwenye soki piti ndio unaotajwa kwa kawaida. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mita 34 tu kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kwa hiyo kisima na soki piti vinaweza kukaa pamoja kwenye kona mbili zinazotazamana tu, na bado hujauliza soki piti ya jirani iko wapi. Kwenye mtaa wenye viwanja vya ukubwa huo mfululizo, tungetegemea maji ya bomba na ya mvua. Ukikinga mita za mraba 120 tu za paa, unapata karibu lita 960 kwa kila milimita 10 za mvua ukihesabu asilimia 80 ya inayoanguka. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa milimita 52. Ramani haina mfereji hata mmoja wa paa. Tangi la juu nalo limechorwa kwenye picha tu, likiwa limekalia dari ya choo. Lita 1,000 ni tani moja, na chini yake hakuna bimu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo mawili. La kwanza, atakupa faili ya kuharirika, DWG, au PDF peke yake? Kwa PDF msanifu atachora upya kutoka mwanzo na utamlipa kama hukununua chochote. Kwa DWG marekebisho yote haya ni kazi ndogo kwake. La pili, muhuri ni wa nani? Kaunti inataka michoro ya msanifu aliyesajiliwa na ya mhandisi aliyesajiliwa, na mradi wenyewe unasajiliwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Ramani hii ina nembo ya duka tu. Akikwambia muhuri utapatikana baadaye kwa ada ya ziada, hakikisha utapigwa kwenye michoro iliyokwisha kurekebishwa, maana ukipigwa kwenye ile ya mwanzo, kila ulichobadilisha kitahitaji kibali kipya.